ANTHONY BURGESS (1917–1993): JEURI, UTASHI NA MZIGO WA KITABU KIMOJA

1.0 Utangulizi

Anthony Burgess aliacha riwaya zipatazo 33, vipande vya muziki zaidi ya 250, juzuu mbili za tawasifu, vitabu vya uhakiki juu ya Shakespeare na James Joyce, na makala za magazeti zisizohesabika kwa urahisi. Hata hivyo, jina lake limefungiwa katika kitabu kimoja chembamba, A Clockwork Orange (1962), yaani chungwa linalokwenda kwa mtambo wa saa. Aidha, wengi wanaokijua kitabu hicho hawakukisoma bali waliitazama filamu aliyoitengeneza Stanley Kubrick mwaka 1971. Burgess alilalamika juu ya jambo hilo kwa miaka ishirini, na malalamiko yake yalikuwa na haki, lakini si haki tupu. Kitabu hicho ndicho kilichobeba maswali mawili yaliyoyaongoza maisha yake. Swali la kwanza ni la kiteolojia: je, mtu anayelazimishwa kutenda mema anaweza kuitwa mwema? La pili ni la kifasihi na linamhusu kila mtunzi: je, anayeusawiri ukatili kwa ustadi ana fungu lolote katika ukatili unaotendwa baada yake? Swali la kwanza Burgess alilijibu mapema, na hakulibadilisha jibu lake. Swali la pili alilijibu mara nyingi, na majibu yake hayapatani.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya yale yanayosimuliwa juu yake yametoka kinywani mwake mwenyewe, hasa katika tawasifu zake za 1987 na 1990. Burgess alikuwa msimuliaji hodari, na msimuliaji hodari hapendi kuiacha hadithi nzuri ipotee kwa kukosa ushahidi. Waandishi wa wasifu waliomfuata, na hasa Andrew Biswell katika kitabu chake cha 2005, wamelazimika kupepeta chuya na mchele. Katika maelezo yafuatayo, pale ambapo shahidi ni Burgess peke yake jambo hilo linatajwa.

2.0 Mtoto wa Kikatoliki katika mji wa viwanda

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1917 katika mtaa wa Harpurhey mjini Manchester, akaitwa John Burgess Wilson. Burgess ni jina la ukoo wa mama yake. Anthony ni jina la kipaimara. Mama, Elizabeth Burgess, alikuwa amewahi kuimba na kucheza jukwaani. Mwezi Novemba 1918, vita vilipokuwa vimekwisha siku chache tu, dada yake wa miaka minane na kisha mama yake walifariki kwa homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani mwaka huo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa akabaki na baba ambaye alikuwa mpiga piano katika baa na majumba ya sinema zisizo na sauti, na ambaye baadaye alimwoa mwanamke mwenye baa. Burgess aliandika kwamba hakupata kupendwa sana utotoni. Huenda ni kweli. Kilicho dhahiri ni kwamba watoto wengi katika riwaya zake hawana mama, na kwamba muziki, uliokuwa kazi ya baba, ndio uliokuwa tamaa yake ya kwanza. Alitaka kuwa mtunzi wa muziki. Chuo Kikuu cha Manchester hakikumpokea katika idara ya muziki kwa sababu alama zake za fizikia zilikuwa mbaya, akasoma lugha na fasihi ya Kiingereza, akahitimu mwaka 1940.

Ukatoliki wake unahitaji kuelezwa, kwani bila huo fikra zake hazieleweki. Wakatoliki wa Lancashire walikuwa wachache walioshikilia dini ya zamani tangu karne ya kumi na sita, wakapata mateso, na wakabaki na hisia ya kuwa wageni nchini mwao. Burgess alisoma katika shule ya Xaverian College, na alipofika umri wa miaka 16 hivi imani ikamtoka. Iliyotoka ni imani. Namna ya kufikiri haikutoka. Mpaka mwisho aliugawa ulimwengu wa siasa kwa majina mawili ya karne ya tano. Upande mmoja alimweka Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kuufikia wema kwa juhudi zake mwenyewe. Upande wa pili Agostino, aliyeshikilia kwamba dhambi ya asili imemharibu mwanadamu kiasi kwamba hawezi kitu bila neema. Kwa Burgess, serikali zinazoamini kwamba jamii inaweza kunyoshwa kwa mipango na elimu ni za Pelagio, na zile zinazoamini polisi na jela ni za Agostino. Tena aliona kwamba serikali za aina ya kwanza, zikishakatishwa tamaa na watu wasionyoka, hugeuka kuwa za aina ya pili. Mzunguko huo ndio muundo mzima wa The Wanting Seed, riwaya aliyoitoa mwaka huohuo wa 1962. Msomaji aliyezoea mabishano ya Wakadaria na Wajabaria katika elimu ya tauhidi hatapata shida kuutambua ugomvi huu, ingawa mipaka yake si ileile.

Jambo moja lamtofautisha na Wakatoliki wengi wa kalamu wa wakati wake. Yeye hakuiona dhambi ya asili kuwa habari ya huzuni tu. Kama mtu anaweza kuchagua uovu, basi anaweza kuchagua. Na kiumbe asiyeweza kuchagua si mtu.

3.0 Lynne

Mwaka 1942 alimwoa Llewela Jones, aliyeitwa Lynne, mwanafunzi mwenzake kutoka Wales. Yeye alikuwa jeshini, kwanza katika kikosi cha matibabu, kisha katika kikosi cha elimu, na kuanzia 1943 alipelekwa Gibraltar, ambako alikaa hadi 1946. Mwaka 1944, wakati wa giza la kuzimwa taa mjini London, Lynne alishambuliwa na genge la wanaume alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Burgess alisema walikuwa askari wa Marekani waliotoroka jeshini, kwamba Lynne alikuwa mjamzito, na kwamba mimba iliharibika. Maelezo haya yametoka kwake, naye hakuwapo. Alikuwa Gibraltar na hakupewa ruhusa ya kurudi. Hapana sababu ya kulitilia shaka shambulio lenyewe. Afya ya Lynne haikutengemaa tena, alikunywa pombe kupita kiasi, na alifariki mwezi Machi 1968 kwa ugonjwa wa ini.

Kwa mhakiki, tukio hili ni gumu kulishughulikia. Katika A Clockwork Orange, genge linaivamia nyumba ya mwandishi aitwaye F. Alexander, linampiga, na linambaka mkewe mbele yake. Mke huyo hufa baadaye. Karatasi ambazo wavamizi wanazichana ni za kitabu ambacho mwandishi huyo anakiandika, na jina la kitabu hicho ni A Clockwork Orange. Burgess hakujificha, basi. Alijiweka ndani ya hadithi akiwa mume aliyeshindwa kumlinda mkewe. Lakini usimulizi hakumpa mume huyo, wala mke. Alimpa kijana mshambuliaji, na tena akampa lugha tamu na masikio ya muziki. Wapo wanaokiona kitendo hicho kuwa huruma ya ajabu, mtu kuingia moyoni mwa aliyemdhulumu. Hilo ni kweli kwa kiasi fulani. Ni kweli vilevile kwamba mke wa F. Alexander hana jina wala neno lake katika kumbukumbu ya msomaji. Yeye ni kilio cha nyuma ya pazia. Maumivu ya Lynne yaliingia katika fasihi ya dunia, na Lynne mwenyewe hakuingia.

4.0 Malaya, Brunei na 'Dunia'

Baada ya vita Burgess alifundisha katika vyuo na shule za Uingereza, mwisho mjini Banbury, kwa mshahara mdogo. Mwaka 1954 aliingia katika utumishi wa kikoloni akapelekwa Malaya, kwanza Kuala Kangsar katika shule ya wana wa masultani na wakubwa wa Kimalai, kisha Kota Bharu katika chuo cha ualimu. Malaya ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1948 dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti na kuondolewa 1960. Kenya ilikuwa katika hali yenye jina hilohilo tangu 1952, chini ya serikali hiyohiyo ya London. Tofauti na wenzake wengi, Burgess alijifunza Kimalai vizuri akaufaulu mtihani wake, pamoja na kusoma na kuandika Jawi, maandishi ya Kimalai kwa hati za Kiarabu, ndugu wa yale yaliyotumiwa na washairi wa Lamu na Mombasa.

Huko ndiko alikokuwa mwandishi. Riwaya tatu za Malaya zilitoka 1956, 1958 na 1959, nchi hiyo ikipata uhuru katikati, mwezi Agosti 1957. Jina la Anthony Burgess lilianza kutumika katika riwaya ya kwanza, kwani haikufaa mtumishi wa serikali achapishe hadithi kwa jina lake rasmi. Mhusika mkuu, mwalimu Victor Crabbe, ana nia njema na hafui dafu. Anakufa mtoni bila hata kuhitajika na historia aliyoifundisha. Ni kazi bora kuliko inavyosemwa, na ukosoaji wake wa jamii ya wakoloni una ukali ambao A Clockwork Orange hauna, kwa sababu unawajua watu inaowakosoa.

Mwaka 1958 alihamishiwa Brunei. Kutokana na miaka hiyo ikazuka riwaya yenye uhusiano wa ajabu na pwani ya Afrika ya Mashariki. Mchapishaji alipohofia kesi ya kashfa, Burgess aliing'oa hadithi yake ya Brunei akaipandikiza katika nchi ya kubuni ya Afrika ya Mashariki inayofanana na Zanzibar, nchi ya khalifa, akaiita Dunia. Kitabu hicho, Devil of a State, kilitoka mwaka 1961. Neno lenyewe lilimrahisishia kazi, kwa kuwa Kimalai na Kiswahili vyote vimelipata kutoka Kiarabu, na mtu aliyelijifunza Kota Bharu angelielewa Unguja bila mkalimani. Zaidi ya neno hilo Mzanzibari hatapata chake humo. Ni Brunei iliyovishwa kanzu ya kuazima. Mwezi Juni mwaka uleule, Zanzibar halisi ilipoteza watu zaidi ya 60 katika ghasia za uchaguzi, nao hawakuwa mchezo wa kuchekesha.

Mwaka 1959 Burgess alianguka darasani Brunei, akarudishwa London kwa matibabu. Alisimulia maisha yake yote kwamba madaktari walimwambia ana uvimbe wa ubongo na kwamba alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja, akaandika riwaya tano na nusu ili mjane asibaki na njaa. Waandishi wa wasifu wanaitilia shaka habari ya uvimbe. Vitabu vyenyewe havina shaka: vipo, na vilitoka kwa kasi iliyowatisha wachapishaji, hata vingine vikatolewa kwa jina la Joseph Kell. Mwaka 1963 alipewa kitabu kimoja cha huyo Kell akihakiki katika gazeti la Yorkshire Post. Akakihakiki, naye akafukuzwa kazi.

5.0 Chungwa na mtambo

Aliporudi Uingereza alikuta vijana wasiokuwapo alipoondoka. Vijana wa mitaani walioitwa Teddy Boys walikuwa na mavazi yao, muziki wao na ugomvi wao. Magazeti yalijaa hofu. Pamoja na hofu hiyo kulikuwa na matumaini ya kisayansi. Saikolojia ya tabia, iliyotokana na majaribio ya Pavlov juu ya mbwa na kuendelezwa Marekani na B. F. Skinner, iliahidi kwamba mwenendo wa mtu unaweza kuundwa upya kwa thawabu na karaha, bila kujali anachokitaka. Katika hospitali za Uingereza kwenyewe, wanaume waliowapenda wanaume wenzao walikuwa wakipewa dawa za kutapisha ili tamaa yao iunganishwe na kichefuchefu. Kwa hiyo tiba anayopewa Alex katika riwaya hakuitoa Burgess hewani. Aliichukua iliyokuwapo akaiongezea kasi.

Hadithi yajulikana. Alex, kijana wa miaka 15, anaongoza genge linalopiga, kuiba na kubaka. Anamuua mwanamke mzee, anahukumiwa miaka 14, na gerezani anachaguliwa kwa tiba mpya iitwayo mbinu ya Ludovico. Anadungwa dawa na kulazimishwa kutazama filamu za ukatili mpaka kila wazo la jeuri linamletea kichefuchefu. Anatoka akiwa hawezi kudhuru, hawezi kujitetea, na kwa bahati mbaya hawezi kusikiliza muziki, kwa kuwa filamu hizo ziliambatana na Beethoven. Aliowadhulumu wanalipiza kisasi, wapinzani wa serikali wanamtumia, anajirusha dirishani, serikali inamrudishia ubaya wake ili ijiokoe katika kura. Hoja ya kitabu inasemwa na kasisi wa gereza, mlevi na mwoga, anayeogopa kupoteza cheo: mtu asiyeweza kuchagua amekoma kuwa mtu. Kwamba ukweli umewekwa kinywani mwa dhaifu huyo ni moja ya mambo bora ya riwaya. Ukosoaji wake hauwaachi salama watu wa mrengo wa uhuru pia. F. Alexander, mtetezi wa haki za raia, yuko tayari kumwangamiza kijana huyo kwa ajili ya siasa hata kabla hajamtambua kuwa ndiye aliyemharibia nyumba.

Kinachokipa kitabu uhai ni lugha. Mwaka 1961 Burgess na Lynne walisafiri Leningrad, naye akawaona vijana wahuni wa Kisovieti walio mfano wa wale wa London. Alikuwa akijikumbusha Kirusi, akapata ufumbuzi wa tatizo lililokuwa limemsumbua. Misimu ya vijana huchakaa upesi. Kitabu kilichoandikwa kwa misimu ya 1961 kingezeeka kufikia 1965. Hivyo akabuni misimu isiyokuwa ya mtaa wowote, yenye mizizi ya Kirusi, akaiita Nadsat, kutokana na kiishio cha Kirusi kinachounda namba za 11 hadi 19, yaani miaka ya ujana. Neno la Kirusi la kuonyesha uzuri, khorosho, lilitoholewa likawa horrorshow, ambalo kwa sikio la Mwingereza ni onyesho la kutisha. Katika neno moja wema umevaa sura ya ukatili.

Burgess hakutaka faharasa. Toleo la Marekani liliambatishiwa moja na mhakiki Stanley Edgar Hyman, na kwa kufanya hivyo liliharibu jaribio. Msomaji asiye na faharasa hujifunza maneno kwa kurudiwarudiwa katika muktadha. Ukurasa wa kwanza hamwelewi Alex, ukurasa wa hamsini anamwelewa bila kujua ameelewa lini. Amefundwa kama mbwa wa Pavlov. Papo hapo maneno hayo mageni huweka ukungu mbele ya damu, hata msomaji akafurahia mdundo wa sentensi kabla ya kung'amua kwamba mtu anapigwa. Ukungu huo una kazi mbili zinazopingana. Burgess alidai kwamba unamlinda msomaji asinogewe na ukatili. Yawezekana pia kwamba ndio unaomwezesha kunogewa bila kuona haya.

Mfasiri wa Kiswahili atakayeikabili riwaya hii atavutwa na Sheng. Kishawishi hicho chafaa kutazamwa kwa hadhari. Sheng ina wenyewe, ina mitaa yake ya Nairobi, ina vizazi. Kumpa Alex Sheng ni kuwahukumu vijana fulani wanaojulikana. Nadsat iliundwa makusudi isiwe na wenyewe. Mfasiri mwaminifu angehitaji kubuni kama Burgess alivyobuni.

Kuhusu jina la kitabu, Burgess alisema alisikia watu wa London wakimsema mtu wa ajabu kuwa kama chungwa la saa. Aliongeza kwamba masikioni mwake neno hilo la Kiingereza lilibeba orang, neno la Kimalai lenye maana ya mtu, lile linaloonekana katika jina la nyani orangutangu. Chungwa lina utamu, rangi na maji; ndani yake limetiwa magurudumu ya chuma. Mwalimu wa Kota Bharu yumo ndani ya jina hilo.

6.0 Sura ya ishirini na moja

Riwaya ilipangwa katika sehemu tatu za sura saba saba, jumla 21, umri wa utu uzima kwa sheria ya Uingereza wakati huo. Katika sura ya mwisho Alex, sasa miaka 18, anachoka. Jeuri inamchosha kama nguo iliyombana. Anataka mke na mtoto, na anajua kwamba mwanawe naye atapita njia ileile bila kusikia la mkubwa. Hakugeuzwa na dawa wala na jela. Amekua. Mchapishaji wa Marekani, W. W. Norton, aliikata sura hiyo, na hadithi ikaishia pale Alex anapofurahia kurudishiwa ubaya wake. Wasomaji wa Marekani hawakuipata mpaka 1986.

Burgess alisimulia kwamba alikubali kwa sababu ya shida ya fedha, na kwamba Wamarekani walimgeuzia kitabu kutoka riwaya kuwa ngano, kwa vile riwaya ni habari ya mtu anayebadilika. Mhariri wake wa Norton alikuwa na kumbukumbu nyingine: hakukuwa na shuruti. Mswada wa 1961 unaleta ushahidi wa tatu, nao haumpendelei Burgess. Mwishoni mwa sura ya 20 mtunzi mwenyewe aliandika pembeni akiuliza kama hadithi iishie hapo, akaitaja sura inayofuata kuwa hitimisho la hiari. Alikuwa na shaka kabla mtu yeyote wa New York hajaushika mswada. Si sahihi, basi, kuendelea kusimulia habari hii kama ya msanii aliyekatwa ulimi na mfanyabiashara. Mtetezi wa uhuru wa kuchagua alipewa nafasi ya kuchagua mwisho wa kitabu chake, akawaachia wengine wachague.

Kisanaa, pande zote mbili zina hoja. Sura hiyo inaharakisha. Badiliko lililohitaji miaka linatokea kwenye kikombe cha chai. Lakini bila hiyo kitabu kinasema kwamba mtu ni mtambo kwa vyovyote, wa serikali au wa tamaa zake, jambo ambalo kitabu kizima kinalikana.

7.0 Filamu

Kubrick alilifahamu toleo la Marekani kwanza, akalifuata. Filamu ilionyeshwa New York mwezi Desemba 1971 na London mwezi uliofuata, Malcolm McDowell akiwa Alex, ikateuliwa kugombea tuzo nne za Oscar. Burgess alikuwa ameuza haki za filamu zamani kwa bei ndogo. Faida kubwa haikumfikia. Kilichomfikia ni lawama. Mwaka 1972 alizunguka Marekani akiitetea filamu katika televisheni na magazeti, huku mwongozaji akibaki nyumbani kwake Uingereza.

Filamu hiyo ni kazi ya mtu mwenye kipaji kikubwa, na inapotofautiana na riwaya inatofautiana kwa maana. Katika riwaya wasichana wawili ambao Alex anawapeleka chumbani ni watoto wa miaka 10, naye anawabaka. Katika filamu ni wasichana wakubwa walioridhia. Mzee wa paka anafanywa mwanamke wa kuchekesha na kuchukiza. Ubakaji wa mke wa mwandishi unachezwa kwa wimbo wa furaha. Kila badiliko linampunguzia Alex uzito wa kosa, au linampunguzia mdhulumiwa haki ya kuhurumiwa. Katika riwaya tiba inamnyang'anya Alex muziki wote. Katika filamu inamnyang'anya Simfoni ya Tisa peke yake. Kwa Burgess, mtunzi wa muziki, tofauti hiyo haikuwa ndogo. Muziki kwake ulikuwa kitu chema kisicho na maadili ndani yake, na wizi wa kitu hicho ndio uliothibitisha kwamba dola haiwezi kung'oa uovu bila kung'oa na jema lililoota kando yake. Aidha, ukungu wa Nadsat hauwezi kuwekwa mbele ya kamera. Msomaji aliyekingwa na neno geni amekuwa mtazamaji anayeliona pigo likitua.

Magazeti ya Uingereza yalianza kuyahusisha makosa ya vijana na filamu hiyo, mahakamani pia ikatajwa, na Kubrick aliyepokea vitisho akaomba iondolewe katika majumba ya sinema ya nchi hiyo. Haikuonyeshwa tena kihalali huko mpaka mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Burgess na Kubrick walikuwa wamepanga kazi juu ya Napoleon. Riwaya ya Burgess yenye habari hizo ilitoka 1974, lakini filamu haikutengenezwa. Mwaka 1987 Burgess aliigeuza riwaya yake kuwa mchezo wenye nyimbo, na katika maelekezo ya jukwaani mwishoni akaingiza mtu mwenye ndevu kama za Kubrick akipuliza tarumbeta, kisha akaagiza apigwe mateke na kutolewa jukwaani.

8.0 Miaka ya uhamishoni

Miezi michache baada ya kifo cha Lynne alimwoa Liana Macellari, mfasiri wa Kiitaliano ambaye tayari walikuwa na mtoto, wakaondoka Uingereza kuikimbia kodi. Malta ilimpokea vibaya: vitabu vyake vilizuiwa bandarini, hotuba yake ya 1970 juu ya sanaa na uchafu iliwaudhi mapadre, na mwaka 1974 serikali ikaitwaa nyumba yake. Italia, kisha Monaco. Alifundisha Princeton na New York, akashiriki kuandika mfululizo wa televisheni wa Zeffirelli juu ya Yesu (1977), na akabuni lugha ya watu wa kale kwa filamu ya Quest for Fire (1981).

Riwaya kubwa ya kipindi hicho ni Earthly Powers (1980), iliyoshindwa katika tuzo ya Booker na kitabu cha William Golding. Humo padre Carlo Campanati, ambaye baadaye anakuwa papa, anamponya kwa muujiza mtoto anayekufa hospitalini. Mtoto huyo anakua, anaanzisha dhehebu, na anawaongoza wafuasi wake wote katika kifo. Jonestown ya mwaka 1978 inasikika nyuma yake. Swali la 1962 limerudi, safari hii likielekezwa juu zaidi ya Waziri wa Mambo ya Ndani: kama Mungu anauheshimu uhuru wa mwanadamu kuliko anavyouchukia uovu, kwa nini aliingilia hapo? Papa Carlo, mfuasi wa Pelagio asiyejijua, anaamini kwamba mwanadamu ameumbwa mwema na uovu ni wa shetani. Riwaya haimjibu. Inamwonyesha tu mtoto aliyeponywa, na mizoga.

Wakati huohuo majibu yake juu ya wajibu wa mtunzi yalikuwa yakisogea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishikilia kwamba sanaa haimfanyi mtu kuwa mwovu. Hamlet haiwaui ami za watu, na Biblia imewahi kutajwa na wauaji pia. Mwaka 1985, katika kitabu chake juu ya D. H. Lawrence, aliandika kwamba hakustahili kuiandika A Clockwork Orange, kwa jinsi ilivyo rahisi kueleweka vibaya. Mwaka 1993, katika gazeti la Observer, alikwenda mbali zaidi, akakubali kwamba yeye kama mwandishi huenda ni mmoja wa watu wa hatari. Mwezi Februari mwaka huo mtoto wa miaka 2 alikuwa ameuawa mjini Liverpool, na waliokamatwa walikuwa wavulana wawili wa miaka 10. Nchi nzima iliuliza maswali ya Burgess bila kumtaja: kama watoto hao walichagua, kama walifundwa, na nani aliyewafunda.

Yeye alikuwa tayari mgonjwa wa saratani ya mapafu, akimalizia riwaya yake juu ya Christopher Marlowe. Alifariki mjini London tarehe 22 Novemba 1993, na majivu yake yakapelekwa Monaco. Siku mbili baadaye mahakama iliwatia hatiani wavulana wale wawili, na jaji, akitafuta sababu, akagusia filamu za video zenye ukatili.